Kovu Langu Mbele ya Kamati

Alhamisi, 1952

Eti nitafsiri! Wakubwa wa shirika linaloendesha hospitali yetu wamekuja kutoka ng'ambo, wakaamua kwamba mgonjwa aliyepasuliwa kichwa na omobari, fundi wetu wa jadi, asipokelewe tena. Mimi dresa, mfunga vidonda tu, ndiye niwatangazie watu barazani.

Nilikataa. Mwenyekiti wa kamati yao akaniuliza, "Wewe unajua nini kuhusu upasuaji?"

Nikavua kofia, nikainamisha kichwa. "Gusa hapa, Bwana. Jiwe liliniangukia nikichimba kwenye machimbo ya Tabaka. Omobari alinikwangua fuvu, nikapona. Nyinyi mlikuwa hamjafika."

Hakugusa.

Kazi huenda ikaniponyoka, najua, na watoto wanasoma. Lakini mzee aliyepasuliwa jana na omobari yuko kitanda cha nne. Nimemlaza mwenyewe, na kofia yangu ndiyo inayofunika bandeji yake.