Punda Yule Yule Mara Tatu

Jumanne, baada ya isha, melini

Likoni nzima hakuna mwenye bahati kama yangu. Mimi ni dobi wa meli ya watalii, kisiwa hiki cha Wagiriki nimekifikia mara saba, na leo nimewaleta mke wangu na mama mkwe wakione. Mtembeza watalii wa nini? Nipo mimi!

Lakini nina hasira, wallahi.

Nilikata kushoto, nikakata kulia, tukatokea kwa punda yule yule aliyefungwa mlangoni kwa bibi mmoja. Mara ya tatu mama mkwe akamwamkia: "Hujambo tena, mwanangu? Ni sisi."

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Akataka kumuuliza njia bibi mwenye punda, nikamkataza. Mimi niulize njia?

"Baba Rukia, mashua itatuacha."

"Tulia. Mashua hii ikiondoka, yaja nyingine."

Nilidhani ni feri ya Likoni! Kumbe ile ya mwisho ya kuturudisha melini ilikuwa yafungua kamba. Mama mkwe, na magoti yake yale mabovu, alikimbia viatu mkononi. Tungeachwa, kazi ningeipoteza.

Sasa amelala, magoti yamevimba. Alichosema ni, "Ahsante, mwanangu, kwa kututembeza." Basi. Bora angenitukana, hasira zangu zingepata pa kwenda.

Mara zote saba nilikuwa chini kwenye mashine, nafua mashuka. Kabla ya leo, kisiwa hiki nilikuwa sijapata kukikanyaga.