Mkono wa Diwani Nimbalkar

Madhu, niko mezani nafuta mkono wa diwani Nimbalkar. Yuleyule niliyemchora gazetini miaka yote akiwa ametia mkono kwenye mfuko wa mtu.

Leo nilienda kwake kuhani msiba wake. Picha waliyoivisha koja la maua, na ubani mbele yake, ni katuni yangu! Nilitamani kukimbia.

Mjane wake akanishika bega. "Kaka, unakwenda wapi? Kwenye kamera alikuwa anakaza uso tu. Humu kwenye katuni yako ndimo anamocheka. Ila utoe huo mkono mfukoni, wakwe wa binti yetu wanakuja keshokutwa."

Katuni yangu, Madhu. Na ubani!

Nimechoka. Kila ninapouweka mkono wake, haukai. Sijawahi kuuchora ukiwa mtupu. Mahali pake nimepaacha peupe hadi kesho.