Nyota Iliyopunguziwa Miaka

Papa,

Tulia nikupe habari, na usinikatize kwa maswali kama ulivyozoea kwenye simu. Nimeshinda! Lakini nianze na ya nyumbani, nisije nikaambiwa nimepoteza adabu. Mama amerudi kwenye kwaya. Heri amepata kazi ya kusukuma wagonjwa hospitalini pale Fort Worth, na ukimsalimia kwa Kiswahili bado anakujibu Kiingereza. Viatu vyako vya kazi viko mlangoni ulipoviacha. Mama hataki viguswe, nami sijabishana naye.

Sasa sikia. Unamkumbuka yule kibete wangu wa kahawia ninayemsomea huku Houston? Kila Jumapili ulikuwa unaniuliza, "Yule wako amefika wapi?" Nilikueleza: ni mzito mno kuitwa sayari, lakini hana uzito wa kuwasha moto ukadumu kama nyota. Anazaliwa wa moto, halafu anapoa tu mwaka hadi mwaka, huku akiizunguka nyota yake. Ukijua umri wa hao wawili na ukaona anavyong'aa, unaweza kukisia uzito wake. Umri wenyewe ulikuwa kwenye orodha moja ya zamani ya nyota. Orodha ilisema nyota ile ni changa, na kila mtu alinakili hivyo, na mimi pia.

Mimi nikampima kwa njia nyingine, kwa jinsi anavyoivuta nyota yake akiizunguka. Uzito ukatoka karibu mara mbili ya uliotarajiwa! Profesa wangu, mama wa maneno machache, akasema lazima nimekosea mahali. Nikarudia hesabu. Nikakuzika, nikarudi, nikarudia tena mwezi mzima, jibu lile lile. Mwishowe akaniambia nisipoonyesha kosa liko wapi, sura ya uzito huo itatoka kwenye tasnifu. Kazi ya miaka minne, Papa. Nilikaa kwenye gari nikalia, sitakuficha.

Basi nikaja Fort Worth kwa ajili ya jiwe la kaburi lako. Fundi wa mawe akataka mwaka wa kuzaliwa. Heri akatoa kitambulisho chako: tarehe moja Januari, kama cha Mama, kama cha nusu ya watu wa kanisa letu. Shangazi Zawadi akaguna.

"Huo ni mwaka wa karani," akasema. "Kaka yangu huyu mnayemzika na karatasi, mimi ndiye nilimbeba mgongoni, mwaka ule ziwa lilipopanda hadi milangoni."

Na sote tulijua. Kule kwenye kambi ya wakimbizi foleni ilikuwa ndefu, karani akakutazama usoni, akakukadiria, akakuandikia Januari moja na kukupunguzia miaka minane. Ukanyamaza, maana kusahihisha kungeweza kuharibu kesi yetu ya safari ya Marekani. Ndiyo sababu kule ghalani walikuwa wanashangaa mtu wa hamsini na tano anashukaje kwenye forklifti ya kunyanyulia mizigo kwa kujishika kiuno. Ulikuwa unacheka tu na kusema, "Magoti hayajasoma makaratasi." Papa, kwa miaka yako halisi ungekuwa umeshaachana na zile zamu.

Pale pale mbele ya yule fundi nikaikumbuka nyota yangu. Nani aliiandikia ile nyota umri wake? Alijuaje? Mimi, mtoto wa kambi, mwenye baba wa Januari moja, nilinakili mwaka wa karani bila kuuliza hata swali moja!

Nika-drive hadi Houston bila kusimama kula. Ukimwongezea kibete miaka, maana yake amepoa muda mrefu zaidi, na ili bado ang'ae vile, lazima awe mzito. Uzito wangu ukakaa mahali pake. Ila profesa angetaka ushahidi, kwa hiyo nikaenda kwenye hewa yake. Kibete mzee na mzito huibana hewa yake kwa nguvu, na mwanga ukipita humo huachwa na alama pana za potasiamu. Za kijana huwa nyembamba. Vipimo tulikuwa navyo siku zote, tulivitumia kutafuta mawingu yake tu. Nikafungua. Pana, Papa! Pana kama barabara kuu ya I-10 kule Katy!

Profesa aliutazama mchoro hadi chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Basi aliyekosea ni mwenye orodha. Andika." Sura imebaki. Mwezi ujao naitetea tasnifu nzima.

Nilishika simu nikabonyeza namba yako, nikiwa nacheka peke yangu. Ndipo nikakumbuka. Iliniuma, Papa, wee acha. Furaha yote ile na wa kumpigia hayupo.

Heri ana wasiwasi. Anasema kitambulisho, cheti cha kifo, kila kitu kina mwaka wa karani, tutaitwa waongo. Nimemjibu jiwe hili halipelekwi uhamiaji. Mama amekubali, Shangazi ndiye shahidi, na leo asubuhi nimemtumia fundi saini yangu. Siku hatuijui, na hatutakubunia nyingine. Tutaandika mwaka peke yake, ule wa ziwa, na nakuahidi nitasimama pale hadi amalize kuuchonga.

Pumzika, Papa. Miaka yako minane tumeirudisha, na yote uliifanyia kazi.

Binti yako,
Riziki