Majani ya Mgomba Barabarani

Mjukuu wangu Atupele,

Nakuomba barua hii uisome peke yako, wala usimwonyeshe baba yako. Akijua nyumba hii ya Makandana ilivyo kimya tangu bibi yako atutoke, atanihamishia huko kwenu Dar es Salaam. Afya yangu ni njema, na chai imechipua vizuri.

Umeuliza utaendeshaje gari kwenye ukungu wa huku. Nilipokuwa karani kijana, nilitumwa Mbeya na gari la ofisi pamoja na karani mwenzangu, Ambokile. Ukungu ukashuka ghafla, kisha nikaona majani mabichi ya mgomba barabarani. Nikapunguza mwendo.

"Yameanguka kwenye lori la ndizi," akasema Ambokile. "Twende bwana! Au unaogopa majani?"

"Naogopa," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Nikalitoa gari nje kabisa ya barabara, tukangoja. Ukungu ulipopungua tuliliona lori bovu limesimama kwenye kona mbele yetu, bila taa. Dereva wake ndiye aliyeyatandaza majani yale kutuonya. Ambokile hakunitania tena hadi Mbeya.

Tangu siku ile sijaionea haya hofu yangu.

Basi ukija, ukifika Mbeya jioni, lala hukohuko. Asubuhi nipigie simu, uje polepole na taa za chini. Ukishapita hospitali, kata kushoto. Usihangaike kupiga honi, maana siku hizi nasikiliza kila gari linalopita.

Babu yako