Pingamizi la Kitalu C

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mkutano wa mtaa leo. Manispaa inataka kubadilisha ramani ya Kitalu C. Zamani kiwanja kimoja nyumba moja, basi. Sasa mtu ataruhusiwa kujenga mbili, tatu, hata vyumba vya kupangisha. Watu wakapiga makofi.

Na nani wa kwanza kusimama kuunga mkono? Josephat! Jirani yangu huyu tunayetenganishwa na ukuta tu. Eti familia zetu zinakua, eti watu lazima wapate pa kukaa. Nilimkazia macho mpaka akaangalia pembeni. Hana haya hata chembe.

Miaka miwili iliyopita huyu huyu aliandika barua manispaa kuhusu nyumba ya mama yangu. Vyumba viwili tu, nyuma ya nyumba yetu! Tukapigwa X nyekundu ya kubomolewa. Mume wangu Masalu akabomoa kwa mikono yake ili tuokoe bati. Mama akarudi kijijini Sibwesa kabla jicho la pili halijatibiwa.

Sijasahau.

Jumatano, 4 Juni

Masalu ana furaha! Anapima kwa hatua kule nyuma, anasema mama mkwe wake atarudi kabla ya mvua. Mume wangu ni mwema, hilo simnyimi. Ila kwetu Wasukuma mama halali nyumba moja na mkwewe. Afadhali alale nje. Ndiyo maana ile nyumba ilijengwa, na Josephat alielezwa taratibu kabisa. Akajibu hapa ni mjini, mila zenu ziacheni huko na ng'ombe.

Leo lori limemwaga matofali kwake. Mengi! Mkewe, Mama Glory, kaniambia kwa raha zake: vyumba vinne vya wapangaji, kiinua mgongo chote cha mzee kinaingia humo. Nikasema hongereni. Moyoni nikasema ngoja.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Leodgar, kuuliza kama mtu anaweza kupinga. Anaweza — kwa maandishi, mwisho Ijumaa. Je, naweza kumpinga mtu mmoja tu? Akacheka. Mama Matilda we, ramani ni ya kitalu kizima! Pingamizi moja likiingia wote mnasimama mpaka kamati ikae, na kamati yenyewe hujui itakaa mwaka gani. Hata nyumba ya mama yako, akaongeza.

Nimerudi nimenuna. Wali nimeunguza.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeipeleka!

Kopi ya barua ya Josephat ninayo tangu wakati ule. Nimeinakili neno kwa neno. Ujenzi holela utaharibu hadhi ya makazi yetu. Watu wasiojulikana wataingia na kutoka. Nimebadilisha majina tu. Jumanne mkutanoni inasomwa mbele ya mtaa mzima, na jina langu chini. Aisikie barua yake kwa mdomo wa mwenyekiti! Mkuki kwa nguruwe — sasa zamu yake.

Na mama? Mama amengoja miaka miwili, atangoja tena kidogo. Nilimwaza njia nzima, sidanganyi. Niliwaza huku namkabidhi mwenyekiti karatasi. Muhuri ulipogonga nilisikia raha mpaka kwenye meno. Masalu hajui.

Jumapili, 15 Juni

Mama amekuja.

Kumbe Masalu alimpigia kaka Ngusa kule Sibwesa tangu siku ya mkutano. Eti iwe sapraizi! Nimetoka kanisani namkuta mama amekalia begi lake nje ya geti, anageuza kichwa kutafuta sauti yangu. Jicho la kulia halioni tena. La kushoto anaona vivuli tu.

Ndani kagoma kuingia. Masalu akasema basi yeye atakwenda kulala kwa rafiki yake. Mama hataki hata kusikia — mwanaume atolewe kwenye nyumba yake kwa sababu ya mkwe? Aibu gani hiyo! Atalala kwenye jiko la nje, au arudi na basi la kesho.

Hapo Mama Glory akatokea. Mama aje kwetu, chumba cha Glory kipo wazi. Nikasema hapana, asante. Mama akasema ndiyo. Hajui! Sikuwahi kumwambia nani aliandika ile barua, nilidhani namwepusha na uchungu. Begi kalibeba Josephat mwenyewe. Kamshika mkono mpaka ndani. Nilitaka kumnyang'anya mama yangu pale pale barabarani.

Sasa ni saa kumi. Wamekaa uani, upande wa pili wa ukuta, nasikia kila neno. Josephat anamwambia mama asiwe na wasiwasi, atatoa matofali yake mia tatu nyumba ianze hata wiki hii. Anasema ana deni naye la zamani. Mama anacheka, anamuuliza deni gani, baba, mimi na wewe hatujuani. Josephat anamwita mkewe alete chai.

Mnafiki! Au ametubu? Mimi simtaki akitubu. Angesubiri Jumanne nimalizane naye, halafu ndiyo atubu.

Mama ananiita kwa sauti juu ya ukuta. Minza! Nyumba yangu inaanza lini?

Sijajibu. Naandika. Kule wote wanangoja niseme.