Umri Niliompa Nekesa

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, na mtaa wetu wa Makina wote ni matope. Baridi ya Julai imeniingia magotini. Nimerudi nimebeba viatu mkononi, nimefunga mlango mapema, na sitaki mtu yeyote apige hodi.

Leo Nekesa ameondolewa kwenye timu ya taifa ya vijana. Aliyemwondoa ni mimi.

Niandike tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Miaka miwili iliyopita timu yetu ya kampuni ilikuwa haina mtu wa kusimama chini ya kikapu. Sisi wanawake wa basketi hatulipwi kwa kucheza. Kampuni inakupa kazi, unaichezea, na siku ukiacha kufaa uwanjani, kazi nayo inaanza kukuaga. Mimi ni opereta wa simu kwa sababu najua kufunga kutoka mbali. Kuongea na simu nilijifunzia kazini.

Nilimwona Nekesa huko Kawangware, kwenye uwanja wa shule wenye ringi moja isiyo na wavu. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuna wa kumpeleka mbele, kwa hiyo alikuwa akimsaidia mamake kufulia watu nguo. Miaka kumi na mitano, miguu mitupu, na tayari ananipita kichwa kizima. Akiruka, wavulana wanasogea kando. Siku hiyo hiyo nilimwambia kocha wetu kwamba nimepata mtu.

Shida ilikuwa kipande, kile kitambulisho cha serikali. Kampuni haimwandiki mtu asiye nacho, na hukipati kabla ya miaka kumi na minane. Lakini Nekesa alizaliwa nyumbani, kule Bungoma, na cheti cha kuzaliwa hana. Kwa watu kama hao, na ndio wengi huku kwetu, karani wa chifu humgeukia aliyekuja naye na kumwuliza: huyu ana miaka mingapi? Utakachosema ndicho kitakachoandikwa.

Mamake alikuwa na nguo za watu za kufua. Niliyekwenda naye ni mimi.

Nikasema kumi na minane. Karani akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani, akacheka. "Huyu hata ishirini anafika," akasema, akaandika.

Nilitoka pale najiona mtu wa maana. Na kweli nilisaidia, sitaki kujidharau kupita kiasi. Nekesa anapika chai na kupeleka mafaili ofisini, nduguze watatu wako shule, mamake amehamia chumba chenye sakafu ya simiti. Nilimwongezea miaka mitatu tu. Nani angekuja kuihesabu?

Kumbe wapo wa kuihesabu. Mwezi uliopita watu wa kamati ya timu ya vijana, wale wasiozidi miaka kumi na minane, walimwona akicheza. Walimwuliza alisoma wapi, wakaenda kwa mwalimu mkuu wake wa zamani, naye akawaandikia barua kutoka kwenye daftari la shule: miaka kumi na saba. Wakamweka kwenye orodha, jina la kwanza. Timu inasafiri nje ya nchi mwezi ujao, na huko hufika watu wa vyuo vya Marekani wakitafuta wasichana warefu wa kuwasomesha bure. Msichana mmoja wa safari iliyopita yuko huko hadi sasa, anasomea uuguzi.

Wiki nzima Nekesa alikuwa akitembea kama anayeogopa kumwaga kitu.

Jana aliambiwa apeleke kipande ili atengenezewe pasipoti. Mtoto wa watu akakipeleka, hakufikiria mara mbili. Mimi ndiye niliyepaswa kufikiria.

Leo mchana tuliitwa sote wawili. Katibu wa kamati ni mzee mpole, hakupaza sauti. Aliweka barua ya mwalimu na kipande mezani, akavisukuma mbele yangu.

"Sasa madam, hizi mbili haziongei kitu moja. Mwalimu anasema kumi na saba. Kipande inasema ishirini. Wewe ndio unajua huyu msichana. Gani ni ya ukweli?"

Nekesa aliniangalia bila wasiwasi wowote. Alijua nitalimaliza, kwa sababu siku zote mimi ndiye ninayemaliza mambo yake.

Nikasema, "Kipande ndio ya ukweli. Mwalimu amekosea."

Katibu alichukua rula, akapiga mstari juu ya jina lake. Angepiga kwa mkono tu. Sijui kwa nini hiyo rula ndiyo inayoniuma.

Sababu ninazo. Kumdanganya chifu ni kesi, na ningefungwa. Nekesa angefukuzwa kazi kwa karatasi ya uongo, na watoto watatu wangerudi nyumbani. Nilijiambia hayo yote njia nzima, na yote ni kweli.

Lakini kuna jingine, na nisipoliandika hapa sitaliandika popote.

Nina miaka ishirini na tisa na goti langu la kulia limekwisha. Nekesa akiwa chini ya kikapu, timu inashinda, na timu ikishinda hakuna anayeona kwamba mimi sikimbii tena. Akiondoka, msimu huu kocha ataniona. Kampuni itaniona. Mstari ule ulipopigwa, nilipumua.

Nilipumua, naye amekaa karibu yangu.

Tulishuka kituo cha mwisho cha basi la 46, nikampeleka hadi kwao. Mamake alikuwa mlangoni na povu mpaka viwikoni. Nilipomweleza, alinishika mkono kwa mikono yake miwili iliyolowa.

"Asante, Awino. Kazi imebaki. Sasa hiyo ndege tungekula?"

Angenitukana ningeshukuru.

Nekesa alinisindikiza mpaka barabarani, kama kawaida yake. Tulipofika kwenye vibanda vya mboga alisimama, akaniuliza polepole, akitazama matope.

"Dada, kwani mimi niko na miaka ngapi?"

Nilidhani ananisuta. Hakuwa ananisuta. Mwalimu amesema moja, serikali nyingine, mamake hukumbuka tu kwamba ilikuwa msimu wa mahindi, na mimi ndiye mtu mzima anayemwamini. Alikuwa anauliza ili ajue.

Ningeweza kumwambia pale pale. Watu walikuwa wanapita, mama mmoja anapanga sukuma wiki, hakuna aliyekuwa akitusikiliza.

Nikamwambia, "Ishirini."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeshika jambo la kukumbuka. "Sawa, dada," akasema. Kisha akaniuliza kama kesho mazoezi ni saa kumi na moja.

Orodha inapelekwa Ijumaa. Bado nina siku mbili za kurudi kwa yule mzee na kumwambia mwalimu hakukosea.

Najijua. Sitaenda.