Slesi Ulizoniunguzia

Mke wangu Mama Neema,

Huku Dodoma upepo umetujaza vumbi mpaka kwenye vikombe, lakini sisi wazima. Nimekaa uani na chai yangu isiyo na sukari. Nataka kukuandikia habari ya mkate, kwa sababu miaka yote hii nimekuacha ulaumiwe kwa kosa langu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipanga foleni ya mkate, Neema mgongoni, na pengine unarudi na kapu tupu. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa na uhaba ukaisha. Kila kibanda kikawa na mkate laini ndani ya mfuko wa nailoni, na siagi ya kopo pembeni. Mwaka huohuo daktari akanipima, akasema nina kisukari, nipunguze mkate. Jamani, nilinuna kama mtoto! Nimeusubiri mkate nusu ya ujana wangu, umefika mlangoni, naambiwa nisiuguse.

Ndipo jioni moja nikarudi kutoka kazini masjala nikakuambia, "Kuna mwenzangu ofisini anasema mkate ukichomwa mpaka ukawa mweusi, sukari yote inaungua." Hukuonyesha shaka yoyote. Ukatafuta kipande cha wavu, ukakiweka juu ya jiko la mkaa, na kila asubuhi ukawa unanichomea slesi sita huku moshi unakutoa machozi. Ukiuliza, "Baba Neema, zimeungua vya kutosha?" nakujibu, "Ongeza kidogo." Nilizila kwa raha zangu zote, maana mkate mkavu unashuka upesi ukiuchovya kwenye chai.

Kisha nikajikwaa, na kidonda cha mguu kikakataa kupona. Kliniki wakatuambia kikiendelea hivyo, mguu utakatwa. Sista aliyekuwa akinifunga kidonda, binti mdogo tu, akauliza ninakula nini, ukamweleza. Hakutucheka. Alisema, "Mama, moto unakausha maji tu. Slesi inakuwa nyepesi mkononi, lakini wanga wake karibu wote umo, na huo ndio unaogeuka sukari mwilini. Kinachopungua ni vitamini kidogo. Na huo weusi hauna faida yoyote." Kisha akauliza nani alitufundisha mambo hayo.

Nilijua utanitazama. Hukunitazama. Ulisema, "Ni mimi, mwanangu. Mzee anakula ninachompa." Nami, mtu mzima mwenye kalamu mfukoni, nikanyamaza.

Tangu siku ile nikawa napata slesi moja, imebanikwa ikawa ya kahawia tu, na yai la kuchemsha na kunde. Nikililia ya pili, unaondoa sahani. Kidonda kikafunga. Watoto nao wakaikuza hadithi: mama yetu alitaka kuchoma sukari, nusura baba akatwe mguu. Ulicheka pamoja nao. Hata msibani kwako kule Kibakwe waliisimulia, watu wakatabasamu huku wanalia, mimi nikainamisha kichwa. Iliniuma, Mama Neema, na bado sikusema.

Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, Neema akaanza kuwasimulia wanawe. Alipofika kwenye "bibi yenu hakujua mambo ya vyakula," nikaweka kikombe chini. Nikawaambia hakuna mtu yeyote ofisini aliyesema neno lile. Nililitunga mwenyewe njiani, kwa uroho wa mkate, na bibi yao akajitwisha lawama mbele ya sista ili mimi nisiaibike.

Neema akaniuliza taratibu, "Sasa Baba, Mama alijua kwamba ulitunga?" Nikamwambia hukuwahi kunitamkia. Nadhani ulijua. Nikikumbuka ulivyokuwa ukiondoa ile sahani, bila neno, nadhani ulijua kabisa.

Basi wajukuu wakaanza, "Babu mwongo! Babu mwongo!" wakanirukia mapajani mpaka kiti kikalia. Nikacheka nao hadi nikafuta macho. Nina furaha, mke wangu, na nina amani ambayo sikuwa nayo hata kidonda kilipopona.

Nisamehe kwa kuchelewa. Pumzika huko uliko bila wasiwasi: anayechekwa nyumbani kwetu sasa ni mimi.

Mumeo mroho,
Baba Neema